Pumzi: Nani Alianzisha Vita vya Maji?

Ni filamu ya dakika kama 20 tu, lakini Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009) bado inanisumbua. Miaka 35 baada ya Vita vya Maji, jamii ya Maitu inaishi ndani ya majengo yaliyofungwa kabisa. Jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Stima inatoka kwa miguu ya watu walio kwenye mashine za mazoezi. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anatumiwa udongo wenye unyevu. Anapanda mbegu, inaota, anaomba ruhusa ya kutoka. Baraza linakataa. Nje kumekufa, wanasema.

Shida yangu ni hayo maneno, Vita vya Maji. Filamu inayataja kana kwamba yanajieleza: maji yaliisha, watu wakapigana, basi. Ni stori tuliyoizoea. Kila ukame ukifika kaskazini mwa Kenya, habari za saa moja zinatuambia wafugaji wanauana juu ya maji na malisho, kisha tunaenda kwa michezo.

Lakini watafiti Karen Witsenburg na Wario Adano walipochunguza wizi wa mifugo Marsabit, walikuta kinyume: watu wengi zaidi waliuawa miaka ya mvua kuliko ya ukame. Na ukifikiria, inaingia akilini. Wakati wa ukame ng'ombe ni mifupa, hawaswagiki mbali, na unamhitaji jirani mwenye kisima. Kwa hivyo watu wanaketi, wanapangiana zamu. Mvua ikinyesha, mifugo inanona, vichaka vinaficha wavamizi, na maji yako njiani.

Sisemi ati mazingira hayana nguvu. Laikipia 2017, ukame ulikuwa mkali kweli. Lakini ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi, na ardhi ile ina kesi ya zamani: mkataba wa 1911 uliwaondoa Wamaasai huko kuwapisha walowezi. Mawingu hayakutia sahihi mkataba ule.

Kinachoiokoa Pumzi ni kwamba picha zake zinajua zaidi ya maneno yake. Tazama nani anaamua. Maji ni haba, sawa, lakini anayemkaba Asha ni Baraza: linapima maji, linawapa watu dawa za kuzuia ndoto, halitaki kusikia kwamba udongo umepona. Na anayemsaidia kutoroka ni mwanamke msafisha choo, ambaye Asha alimgawia maji yake. Wenye kiu wawili, na hakuna aliyempiga mwenzake. Mimi ningetaka filamu nzima ianzie hapo.

Sisi wa Nairobi tunalijua hili. Mfereji ukikauka, mtaa mmoja unapanga mitungi foleni, na ng'ambo ya barabara nyasi zinamwagiliwa. Ukiambiwa ni hali ya anga tu, uliza nani ana ufunguo wa mfereji. Tukilaumu mbingu peke yake, mwenye ufunguo analala vizuri.