Jack Kyle na Ufundi wa Kusubiri

Jack Kyle alizaliwa Belfast mwaka 1926, na ujana wake ulikuwa wa kazi mbili: kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Queen's na kucheza namba 10 katika raga. Hiyo ya pili haikuwa na mshahara. Raga ya wachezaji 15 ilibaki ya ridhaa hadi 1995, na aliyepokea ujira alifungiwa.

Aliitwa timu ya Ireland mwaka 1947. Msimu uliofuata timu hiyo iliwashinda Ufaransa, England, Uskoti na Wales, ikakamilisha kazi kwa 6–3 dhidi ya Wales pale Ravenhill, Belfast. Ilichukua miaka 61 Waireland kurudia ushindi huo wa mechi zote.

Namba 10 ndiye anayeletewa mpira unapochomoka kwenye skramu, wapinzani tayari wakimjia mbio. Kyle aliweza kumaliza sehemu kubwa ya mechi akipiga mateke ya kupeleka mpira nje na kuwapasia wenzake, mpaka aliyepewa jukumu la kumkaba akaamini kwamba leo hana jambo. Kumbe alikuwa anasomwa. Mwanya ukifunguka, chenga moja tu, mkabaji anashika hewa na Kyle amekwisha kupita. Trai yake ya 1953 dhidi ya Ufaransa, pale pale Ravenhill, ilisimuliwa kwa miongo. Kwa Ireland alifunga trai saba tu, na uchache huo usimpunje: hakuupoteza mpira kwa kutafuta sifa. Wapinzani walipopenya, alikata mshazari nyuma ya wenzake na kumwangusha mkimbiaji pembeni kabisa ya uwanja. Kazi hiyo haiingii kwenye hesabu ya pointi, lakini mwenye jicho la raga huithamini.

Mwaka 1950, akiwa bado mwanafunzi, alisafiri kwa meli na Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, kwenda New Zealand na Australia, ziara iliyokula miezi kadhaa. Alicheza mechi zote sita kubwa, akarudi na kufuzu udaktari mwaka 1951. Alistaafu kuichezea Ireland mwaka 1958 akiwa na mechi 46, rekodi ya dunia wakati huo.

Kuanzia 1966 hadi 2000 alikuwa daktari mpasuaji Chingola, mji wa migodi ya shaba nchini Zambia. Mwaka 2002 chama cha raga cha Ireland kilimtaja kuwa mchezaji bora wa nchi hiyo wa nyakati zote; alifariki mwaka 2014.

Siku hizi chipukizi husainishwa mkataba mapema, hupimwa uzito, kasi na idadi ya wapinzani aliowaangusha, na saa ambazo Kyle alizipitisha wodini humezwa na mazoezi. Miili imekuwa na nguvu zaidi. Namba 10 anayevumiliwa acheze kimya kwa saa nzima, akingoja mwanya mmoja, amekuwa adimu. Na daktari aliyevaa jezi ya taifa ni adimu kuliko yeye.