Seva Inafikika, Majina Hayajulikani

Ofisi moja ya wanunuzi wa kahawa mjini Mbale ilikodi seva ya Ubuntu 24.04 kwenye wingu, na fundi wao anayeishi Jinja akaisimika akiwa kwake. Jioni ile ile amri ya apt update ikagoma: archive.ubuntu.com haijulikani. Mbale wakasema faiba imekatwa tena njia ya Tirinyi. Lakini fundi alikuwa ndani ya seva hiyo kwa SSH, akitumia anwani ya namba, na seva yenyewe iko nje ya Uganda. Faiba ya Mbale ingekatika, wateja wa Mbale wasingeifikia seva. Isingeizuia seva kujua jina la mtu mwingine. Hilo lilitosha kuifutia faiba mashtaka.

Nilichokipenda katika kazi ya fundi huyu ni mpangilio wa maswali yake. Kwanza alituma ping kwa 1.1.1.1, ikajibu: njia ya kutoka nje ni nzima. Kisha akaandika getent hosts archive.ubuntu.com, kimya. Akajaribu mak.ac.ug, jina la Makerere, kimya vilevile. Kwa hiyo kosa halikuwa la jina moja. Alitumia getent kwa sababu hupita njia ile ile zinayopita programu nyingine: husoma nsswitch.conf, huangalia /etc/hosts, ndipo huuliza DNS, mfumo wa majina ya mtandao. Mwisho akaiuliza moja kwa moja 1.1.1.1, ambayo ni seva ya majina ya umma: dig @1.1.1.1 mak.ac.ug. Jibu likaja papo hapo.

Jibu hilo lilimaliza nusu ya kazi. Lilionyesha kwamba ukuta wa moto hauzuii maswali ya UDP kwenye poti 53, na kwamba wa kujibu wapo. Kilichobaki ni seva kutojua imuulize nani.

Amri ya resolvectl status ikathibitisha: chini ya kadi ya mtandao hapakuwa na seva hata moja ya majina. Ndani ya resolv.conf kulikuwa na 127.0.0.53 peke yake. Namba hiyo ni ya systemd-resolved, karani wa ndani anayepokea maswali ya programu zote na kuyapeleka nje. Safari hii hakuwa na pa kuyapeleka.

Chanzo kilikuwa netplan, mipangilio ya mtandao ya Ubuntu. Ofisi ilitaka anwani isiyobadilika, hivyo DHCP ilizimwa. DHCP huleta vitu vitatu kwa pamoja: anwani, lango la kutokea na orodha ya seva za majina. Viwili vya kwanza viliandikwa kwa mkono, cha tatu hakikuandikwa.

Wengi wakifika hapa huandika nameserver 8.8.8.8 ndani ya /etc/resolv.conf. Majina yatarudi, na hapo ndipo penye hatari. Katika Ubuntu, faili hilo ni kiungo kinachoelekea /run/systemd/resolve, na vilivyomo ndani ya /run hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine, si kwenye diski. Seva ikiwashwa upya, maandishi hayapo. Tatizo litarudi siku fundi hapatikani, na Mbale watailaumu faiba tena.

Fundi aliongeza sehemu ya nameservers katika faili lake mwenyewe, 60-anwani.yaml, bila kugusa 50-cloud-init.yaml ambalo programu ya cloud-init inaweza kuliandika upya. Mimi ningetanguliza seva za majina za mwenye wingu, kisha 1.1.1.1 iwe ya akiba. Yeye aliweka 1.1.1.1 na 8.8.8.8, na zinatosha. Hakutumia netplan apply, alitumia netplan try, ambayo hurudisha mipangilio ya zamani baada ya sekunde 120 usipothibitisha. Kwa mashine iliyo nchi nyingine, ambayo huwezi kuiendea na kibodi, sekunde hizo ni bima.

Kisha akaiwasha upya, akarudia getent kwa majina yote mawili, ndipo akawapigia simu Mbale. Nawe usikabidhi seva kwa mteja kabla hujaiwasha upya na kuiuliza jina.