Saruji Juu ya Fito

Waliokarabati ile nyumba kongwe ya miti pale Lupingu wamekosea, tena kosa la wazi: wameipiga plasta ya saruji. Mmepita pale, mmeiona inavyong'aa. Paa wamelipaua vizuri, fito zilizooza wamezibadilisha, na baraza imenyooka.

Turudi kwenye plasta. Ukuta wa fito na udongo hautulii. Masika unavimba, kiangazi unanywea. Saruji haivimbi wala hainywei nao, ndiyo maana ilibidi ishikizwe kwa wavu wa kuku na misumari. Ikapata nyufa, maji yakapenya, na yakishapenya hayana pa kutokea. Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia dirishani kushuka chini. Juu ulijibu kwa uzito. Usawa wa magoti ukalia kama chungu kitupu. Nikachomeka kijiti kwenye ufa, kikatoka kimelowa, na mvua ilikwisha wiki tatu nyuma. Nguzo ya kona niliipima kwa ncha ya kisu. Kisu kikazama kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Mchwa nao wamefichiwa njia. Zamani uliona kichuguu chembamba kinapanda ukutani, ukakifagia asubuhi. Sasa wanapanda nyuma ya saruji na hakuna anayewaona.

Nimelisema hili tangu watu walipoanza kuziita nyumba hizi mbavu za mbwa kwa dharau. Nyumba alimozaliwa Shakespeare kule Stratford-upon-Avon, ya karne ya 16, ni nguzo za mwaloni na katikati yake fito zilizokandikwa udongo. Ni mbavu za mbwa hizi hizi, na watu wanalipa kiingilio kuitazama. Waingereza nao walizipiga saruji nyumba nyingi za aina hiyo karne iliyopita, nguzo zikaoza ndani kwa ndani, na leo mafundi wao wanaibandua na kurudisha chokaa, kwa sababu chokaa inaacha ukuta upumue.

Babu yangu hakuhitaji kuambiwa. Alikata mti mgumu wa porini, akauacha ukauke, akaunguza kitako chake kabla ya kuusimika. Siku hizi ni milingoti mibichi, inakatwa Jumatatu na kusimikwa Jumatano. Na bibi alisiliba kila mwaka mvua zikiisha, kwa kiganja, udongo laini uliochekechwa. Palipobonyea alipajua kabla ya mtu mwingine yeyote, maana mkono wake ulipita ukuta mzima.

Nyumba ile bado inaokoleka. Plasta ibanduliwe kiangazi hiki, kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, wavu utolewe, ukuta uachwe upigwe na upepo wa ziwani mpaka ukauke. Nguzo ya kona ikatwe ilipooza, iungwe kitako kipya cha mti mkavu. Kisha waitwe akina mama wanaojua kusiliba, kabla mvua za Novemba hazijashuka kutoka Milima ya Livingstone.