Rede kwa Mtoto Asiyeweza Kurusha

Bochia, mchezo uliomo katika Paralimpiki tangu 1984, una kanuni moja ambayo natamani kila mzazi na kila mwalimu wa kitengo maalumu, kuanzia Tandale hadi Mbagala, aijue. Mchezaji asiyeweza kurusha wala kusukuma mpira kwa mkono huletewa mteremko ulio kama mfereji. Mpira hukaa juu yake, naye huuachia kwa kidole, au kwa fimbo iliyofungwa kichwani. Msaidizi husogeza mteremko kama alivyoelekezwa, ila amekaa akiupa uwanja mgongo na haruhusiwi kugeuka. Kulenga kunabaki kwa mchezaji.

Sasa tazama mchezo wa rede. Warushaji wawili wanasimama pande mbili, wa katikati anakwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mbio zote ni za huyo wa katikati. Mrushaji anaweza kukaa. Bomba la plastiki la inchi nne, lililopasuliwa kwa urefu na kuegemezwa kwenye ndoo, linatosha kuwa mteremko. Mpira wa vitambaa uzungushiwe kamba vizuri ili ubingirike, na mchezo uhamie kwenye baraza la saruji, maana mchangani utakwama.

Kazi kubwa ni mkao. Mtoto mchanga akigeuza kichwa kulia, mkono wa kulia hunyooka wenyewe na wa kushoto hukunjika. Hali hiyo kwa kawaida hutoweka kufikia miezi sita hivi, lakini kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hubaki. Ukiweka bomba ubavuni, unamlazimisha mrushaji wa namna hiyo ashindane na mwili wake. Liweke mbele yake, katikati. Nyonga zikunjwe vizuri, nyayo zikanyage matofali, khanga zilizoviringishwa zimshike mbavuni. Mwongozo wa wazazi uliotolewa mwaka 2013 na London School of Hygiene & Tropical Medicine, uliojengwa juu ya mafunzo ya Hambisela ya Afrika Kusini, unafundisha mkao kabla ya mchezo, na mpangilio huo ni sahihi kabisa. Wataalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya CCBRT, Msasani, wanaweza kumpima, ingawa kutoka Mbagala na mtoto mzito mgongoni safari hiyo si ya kila wiki. Ndiyo maana baraza la nyumbani lina thamani kubwa.

Kama haoni vizuri pia, shona ndani ya mpira kichupa cha dawa chenye kokoto, kimefungwa barabara. Wenzake wamwite kwa sauti ya kawaida: kelele za ghafla humshtua, na mwili wote hukakamaa.

Halafu msubiri. Hapa ndipo wakubwa tunapoharibu, kwa kuushika mkono wake na kuusukuma kabla haujaamua. Anayesaidia ageuke, atazame ukutani. Vidole visipofunguka, mpira uzuiwe kwa kitambaa chenye kamba iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono. Akiuvuta mkono hata kidogo, mpira unaondoka. Ukimgusa wa katikati, ametoka, kama katika rede yoyote.