Jina Lililoahidiwa: Makaburi ya Taveta na Maandishi ya Sanamu za Askari

Taveta ni mji mdogo wa Kenya, mpakani mwa Tanzania. Wajerumani waliuteka mwezi wa Agosti 1914, wakaushika hadi Machi 1916. Katika makaburi yake ya kijeshi wamelala hasa wazungu wa Afrika Kusini walioanguka Salaita tarehe 12 Februari 1916, na kwenye vilima vya Latema na Reata mwezi uliofuata. Kila jiwe, isipokuwa la asiyetambulikana, lina jina, kikosi na tarehe. Ni maandishi makavu, nayo yanatosha.

Lakini Latema ilipandwa pia na askari weusi wa King's African Rifles, na chakula na risasi za majeshi zilifika kwa vichwa vya wapagazi. Anayetaka kuwasoma hao hana budi kuondoka Taveta aende Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, kwenye sanamu za shaba zilizosimamishwa katika miaka ya 1920. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Kiswahili kikaandikwa chini ya sanamu kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini. Ni matini mafupi, yenye mdundo mzuri, na ndiyo maana yanastahili kuhakikiwa kwa ukali.

Matini hayo yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Sitiari hiyo husifiwa mara nyingi, kwani inakubali kwamba pasipo wapagazi jeshi lisingesogea. Hata hivyo, mguu hauna jina. Mwili ni wa mwingine, na kichwa kinachoamuru ni cha mwingine. Halafu msemaji anamgeukia askari moja kwa moja, akimwahidi kwamba akifa kwa ajili ya nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Nchi ipi? Na jina lipi, ikiwa chini ya ahadi hiyo hakuna hata moja lililochongwa? Hapa ndipo matini yanapojisuta yenyewe: kazi ambayo jiwe la Taveta limeifanya, hapa wameachiwa watoto.

Wala halikuwa sahau la mchongaji. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba waliokufa wapatao 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilieleza pia jinsi watawala wa Tanganyika walivyotaka makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Lugha ya mtaani imekuwa na kumbukumbu bora kidogo: Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lililotamkwa Kiswahili. Lakini nalo ni jina la kundi. Mnunuzi wa ndizi sokoni hamkumbuki mtu.

Msomaji wa Kongo asidhani jambo hili ni la Waingereza peke yao. Force Publique iliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, baada ya maelfu ya wapagazi kuibebea mizigo. Jenerali Charles Tombeur alipewa ubaroni, na jina la Tabora likaunganishwa na lake. Huyo mmoja aliongezewa jina la pili; waliombebea mizigo hawakuandikiwa hata la kwanza.