Terence Tao na ratiba iliyovuka madarasa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, shule ya msingi ya Bellevue Heights, katika viunga vya Adelaide huko Australia, ilimpokea mtoto wa miaka mitano ambaye alikuwa amekwisha kusoma karibu hisabati yote ya shule ya msingi akiwa nyumbani. Jina lake Terence Tao. Leo ni profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mwaka 2006 alitunukiwa Nishani ya Fields akiwa na miaka 31. Wanaosimulia habari zake huanzia kwenye nishani, kisha wanarudi nyuma wakistaajabia akili aliyojaliwa. Mimi nataka tuichambue ratiba yake ya shule. Akili ile hakuna mwalimu aliyeiumba, lakini ratiba iliandikwa na watu, na walimu wengine wanaweza kuiandika.

Tuanze na jaribio lililoshindikana. Baba yake, Billy, ni daktari wa watoto. Mama yake, Grace, alisomea fizikia na hisabati na alikuwa amefundisha masomo hayo Hong Kong kabla ya familia kuhamia Australia. Waliona mtoto anasoma na kuhesabu, wakampeleka shule akiwa na miaka mitatu na nusu. Baada ya wiki chache wakamtoa. Hesabu alikuwa anaziweza, lakini kukaa darasani siku nzima na watoto waliomzidi umri hakukuwa kwa kiasi chake bado. Akapelekwa chekechea pamoja na rika lake, na hisabati akaendelea nayo nyumbani, mama akimwelekeza. Kwangu mimi huu ndio uamuzi uliozaa mengine yote. Wazazi walijifunza mapema kwamba utayari wa mtoto katika somo moja hauelezi utayari wake katika mambo mengine, na hawakuona aibu kurudi hatua nyuma.

Kwa hiyo walipofika Bellevue Heights hawakuomba mtoto arushwe darasa kwa namna tunayoijua sisi, yaani leo yuko la kwanza, kesho anabeba mkoba na kuhamia la tatu kwa masomo yote. Walikaa na mwalimu mkuu wakapanga somo kwa somo. Kwa sehemu kubwa ya siku Terence aliketi na darasa la pili. Kipindi cha hisabati kikifika, alikwenda darasa la tano. Alipofikisha miaka sita na nusu alikuwa akisoma katika madarasa manne tofauti, la tatu, la nne, la sita na la saba, kutegemea somo. Alipokuwa na miaka saba alianza kwenda shule ya sekondari ya Blackwood kwa sehemu ya siku, akajifunza hisabati na vijana waliokuwa karibu mara mbili ya umri wake, kisha akarudi shule ya msingi kwa masomo yaliyobaki.

Mwalimu yeyote aliyewahi kupanga ratiba anajua ugumu uko wapi. Ili mtoto wa la pili ahudhurie hisabati ya la tano, vipindi viwili lazima viangukie saa ileile. Visipolingana, atakosa Kiingereza cha darasa lake au atakuta hisabati imefika katikati. Mwalimu wa darasa la tano naye lazima akubali kumfundisha mtoto ambaye jina lake halimo kwenye daftari lake la mahudhurio, amsahihishie kazi na kumpa alama. Na mtoto akitoka nje ya shule, walimu wakuu wawili wanapaswa kuelewana ni nani anayewajibika naye saa ngapi. Hakuna fedha nyingi hapo wala vifaa. Kuna mashauriano, na mashauriano ndiyo yanayochosha, ndiyo maana shule nyingi huona heri kumrusha mtoto jumla au kumwacha palepale.

Kumrusha jumla kuna kasoro iliyo wazi. Akili ya mtoto haipandi kwa usawa katika kila somo. Tao mwenyewe alipata taabu na insha. Alipoagizwa aandike kuhusu nyumbani kwao, alipita chumba hadi chumba akiorodhesha vitu vilivyomo. Mtoto huyo angehamishwa kwa masomo yote kwenda kidato cha juu, hisabati ingemwenea, na insha ingemlemea kabla hajajua kwa nini watu huandika insha. Hisabati inafaa kuharakishwa peke yake kwa sababu imejengwa kwa tabaka. Anayezimudu sehemu na desimali anaweza kuingia kwenye uwiano na asilimia, na anayemudu uwiano anaweza kuanza milinganyo, bila kusubiri miaka imuongezee uzoefu wa maisha. Fasihi na historia zina madai mengine kwa msomaji.

Julai 1983, siku moja kabla Terence hajatimiza miaka minane, mtafiti wa elimu ya hisabati Ken Clements alikaa naye nyumbani kwao akampa maswali. Ripoti yake ilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Educational Studies in Mathematics, na thamani yake imo katika jinsi alivyomhoji. Hakuridhika na kuhesabu majibu sahihi, alitaka mtoto aeleze alivyofika huko. Hapo akagundua kwamba Terence alipendelea njia ya hoja na alama za aljebra hata pale ambapo mchoro ungemfikisha upesi zaidi. Alama za mtihani peke yake zisingelionyesha jambo hilo kamwe. Mwalimu anayelijua atampa mtoto kazi zaidi ya jiometri na picha, badala ya kumrundikia aljebra kwa kuwa anaipenda.

Kipimo kingine kilitoka mbali. Kabla hajafikisha miaka tisa Terence alifanya sehemu ya hisabati ya SAT, mtihani unaotumiwa Marekani kwa vijana wa miaka 17 na 18 wanaoomba vyuo vikuu, akapata 760 kati ya 800. Kumpa mtoto mdogo mtihani wa wakubwa lilikuwa wazo la Julian Stanley, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Mwaka 1969 Stanley alimfanyia hivyo mvulana wa miaka 13, Joseph Bates, ambaye sekondari haikuwa na somo la kumpa tena. Alama zake zilikuwa za juu kiasi kwamba chuo kikamwandikisha mwaka huohuo. Mwaka 1971 Stanley akaanzisha utafiti wa vijana wenye kipaji cha hisabati, na Machi 1972 akaita kwenye mtihani wanafunzi wapatao 450 wa Baltimore na vitongoji vyake, wengi wao wa miaka 12 hadi 14.

Kwa nini mtihani wa wakubwa? Chukua watoto wawili wa darasa la tano waliopata 98 katika mtihani wa darasa lao. Kwenye karatasi wanalingana. Wape mtihani wa kidato cha kwanza. Mmoja anapata 30, mwingine 80. Mtihani wa kwanza ulikuwa na dari fupi, na wote wawili walikuwa wameigusa kwa vichwa, hivyo hakuna aliyeweza kuona nani ni mrefu zaidi. Yule wa 30 ni mwanafunzi hodari anayehitaji kazi pana zaidi katika kiwango chake. Yule wa 80 hana cha kujifunza darasani kwake mwaka mzima. Kuwapa wote wawili zoezi lilelile la ziada ni kumkosea kila mmoja kwa namna yake.

Stanley hakuishia kwenye kupima. Hatua iliyofuata ndiyo ningependa kila mwalimu wa hisabati aijue, kwa kuwa inaweza kufanyika popote penye karatasi na kalamu. Mtoto anapewa mtihani wa mwisho wa mwaka wa kiwango anachotarajiwa kukisoma, kabla hajafundishwa. Akiwa anafanya, anaruhusiwa kutia alama ya kuuliza kwenye jibu asilo na hakika nalo. Mwalimu anasahihisha, kisha anamrudishia maswali aliyokosa, aliyoyaacha na aliyoyatilia shaka, ayafanye upya bila kubanwa na saa. Yale anayoyapata sasa yalikuwa makosa ya haraka tu, hayahitaji somo. Yanayobaki anaulizwa ana kwa ana, ili mwalimu aone ufahamu ulikatika wapi. Mtoto anafundishwa hayo tu. Baada ya hapo anapewa mtihani mwingine wa kiwango kilekile, na akiumudu vizuri anapanda.

Tazama utaratibu huu unavyotibu hofu kubwa ya walimu, kwamba mtoto akiharakishwa ataacha mashimo nyuma yake. Hofu hiyo ni ya haki. Mtoto anayerushwa kutoka la tatu hadi la tano kwa sababu ana akili anaweza kukosa kabisa ugawaji mrefu, na hakuna atakayejua hadi aljebra imnase. Kwa njia ya Stanley mashimo hutafutwa kwanza, na kuyaziba ndiyo kazi yenyewe. Kinachoondolewa ni miezi ya kurudia yanayojulikana.

Majira ya joto ya 1972 wazo hilo lilijaribiwa kwa kikundi. Mwalimu Joseph Wolfson alianza kuwafundisha watoto wapatao ishirini, wengi wao wametoka kumaliza darasa la sita, kwa saa mbili kila Jumamosi. Waliodumu walimaliza hisabati ambayo shule huieneza kwa miaka kadhaa, na waliokwenda kasi zaidi walivuka aljebra, jiometri na trigonometria ya sekondari kwa muda uliozidi mwaka mmoja kidogo tu. Hawakuwa wakikimbizwa. Walikuwa wamewekwa pamoja na wanaolingana nao, na mwalimu hakuwa na sababu ya kurudia.

Wazazi wengi huuliza: je, mtoto hatakuwa mpweke, hataumia moyo? Swali hili lina majibu mengi kuliko inavyodhaniwa. Watu waliopatikana kwa mitihani ya Stanley wamefuatiliwa hadi utu uzima, siku hizi kupitia Camilla Benbow na David Lubinski wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Uchambuzi waliochapisha mwaka 2021 na mwenzao, ukihusu zaidi ya watu 1,600 kwa kipindi cha miaka 35, haukuona kwamba kuharakishwa shuleni kuliwaathiri kisaikolojia walipofika umri wa makamo. Hilo haliwaondolei wazazi wajibu wa kumtazama mtoto wao. Linaondoa kisingizio cha kumzuia kwa jina la kumhurumia.

Turudi kwa Tao. Alishiriki olimpiadi ya kimataifa ya hisabati akapata shaba Warsaw mwaka 1986 akiwa na miaka kumi, fedha Havana mwaka uliofuata, na dhahabu Canberra mwaka 1988. Wakati huo tayari alikuwa akisoma masomo ya Chuo Kikuu cha Flinders kwa sehemu ya muda, na angeweza kuingia moja kwa moja miaka kadhaa mapema. Familia ilikataa. Baba yake aliona hakuna maana ya kukimbilia shahada ili kuvunja rekodi, afadhali msingi upanuke. Akabaki na mguu mmoja sekondari, mwingine chuoni, hadi alipokaribia miaka 14. Anayeitaja habari ya Tao ili kumsukuma mwanawe aifikirie miaka hiyo ya kungoja.

Lawama iliyo nzito zaidi dhidi ya mipango hii inahusu nani anayeonekana. Mahali pengi Marekani mtoto huingia hisabati ya juu kwa kupendekezwa na mwalimu au kwa mzazi kupigania, na mzazi anayefanya kazi mbili hana nafasi ya kupigania. San Francisco walijibu kwa kuiondoa aljebra darasa la nane kwa wote kuanzia mwaka 2014; mwaka 2024 bodi ya shule ikaamua kuirudisha. Jibu lao naliona lilikuwa kosa. Wenye uwezo walilipia masomo ya pembeni, maskini wenye kipaji wakabaki bila kitu. Dallas walikwenda upande mwingine. Tangu 2019 wanafunzi wanaofanya vizuri huwekwa hisabati ya juu moja kwa moja wanapoingia darasa la sita, na mzazi asiyetaka ndiye anayeandika barua. Mwaka 2023 jimbo zima la Texas likapitisha sheria kwamba asilimia 40 ya juu katika mtihani wa hisabati wa darasa la tano waingizwe hivyo. Mtihani ndio unaomwombea mtoto nafasi, na mtihani haumjui baba yake ni nani.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumesoma na mtoto aliyemaliza hesabu ubaoni kabla mwalimu hajaziandika zote, kisha akaambiwa akae kimya, au afute ubao, au awafundishe wenzake kila siku hadi akachoka. Madarasa yetu yamejaa na mwalimu hana dakika ya ziada; najua ugumu huo, na ndiyo sababu nimechagua kueleza njia isiyohitaji maabara wala kompyuta. Mwalimu mkuu anayesoma hapa, shule zikifunguliwa Januari, chagua watoto watatu au wanne unaowadhania. Wape karatasi ya hisabati ya mwisho wa mwaka wanaouanza, uwahoji juu ya waliyokosa, na ukikuta mmoja ameimaliza kazi ya mwaka mzima, linganisha kipindi chake cha hisabati na cha darasa la juu, umruhusu avuke mlango huo mmoja.