Klampu au nyuzi: kiungo cha regulata kwenye mtungi wa mzamiaji

Gitting, kwenye miteremko ya Mlima Hanang, iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Bahari ya Hindi, na hakuna anayezamia huko. Lakini yeyote wa Gitting aliyewahi kununua mtungi wa gesi ya kupikia, akafika nyumbani na kukuta regulata aliyonayo haikai kwenye vali ya kampuni nyingine, ameshaielewa nusu ya mada ya leo. Mtungi umejaa, jiko ni zima, na maharage hayaivi kwa sababu ya kipande cha chuma kisicholingana na mwenzake.

Undugu wa regulata ya jiko na ya mzamiaji ni wa damu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ufaransa ikiwa imekaliwa na Wajerumani na petroli ikiwa adimu, mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alitengeneza regulata ya kuwezesha magari kutembea kwa gesi. Jacques Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, alimwomba aigeuze iweze kumpa mtu hewa kila anapovuta pumzi. Mwaka 1943 wakaijaribu kwenye Mto Marne, karibu na Paris. Kazi yake hadi leo ni ile ile. Ndani ya mtungi hewa imeshindiliwa hadi bar 200 au zaidi. Hatua ya kwanza ya regulata, ile inayokaa kwenye mtungi, huishusha hadi karibu bar 10 juu ya presha ya maji yanayomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili, iliyo mdomoni, huimalizia mpaka ivutike kwa mapafu. Ubishi wa mafundi hauko kwenye hatua hizo. Uko kwenye namna hatua ya kwanza inavyoushika mtungi.

Namna ya kwanza ni klampu. Vali ya mtungi ina uso bapa wenye tundu dogo la hewa, na kuzunguka tundu hilo kuna mfereji inamokaa oringi, ile pete ya mpira. Regulata inavishwa juu ya vali kama fremu, kisha skrubu ya nyuma inakazwa kwa mkono mpaka uso wa regulata ubane oringi. Hakuna kingine kinachozuia hewa isitoke. Ukifungua vali, presha yenyewe inajaribu kuzitenganisha nyuso hizo mbili, na kwa bar 200 kila sentimita moja ya mraba inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Oringi ikiwa imechakaa, au klampu ikiwa imekaa upande, mpira unachomoka na mshindo unaoweza kumshtua hata nahodha aliyezoea. Kwa sababu hiyo klampu imewekewa kikomo cha bar 232.

Namna ya pili ni ya nyuzi, inayojulikana duniani kote kwa jina la DIN, kifupi cha taasisi ya viwango ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1917. Hapa regulata ina shina lenye nyuzi za skrubu, nalo linaingia ndani ya vali. Oringi inakaa kwenye ncha ya regulata, si kwenye mtungi, na shina likishakazwa mpira unafungiwa pande zote na chuma. Hauna pa kukimbilia. Kuna ya bar 200, yenye nyuzi tano, na ya bar 300, yenye nyuzi saba. Urefu huo umepangwa kwa makusudi: regulata ya bar 300 inaingia kwenye vali zote mbili, lakini ya bar 200 ikiwekwa kwenye vali ya bar 300 haifiki chini, kwa hiyo haizibi na hewa inavuja papo hapo. Ni kinga nzuri. Mtu hawezi kuipa regulata dhaifu presha isiyoiweza, hata akiwa na haraka.

Kwa uhandisi mtupu, nyuzi zinaishinda klampu, na sioni sababu ya kuzungusha maneno. Oringi iliyofungiwa ni salama kuliko iliyobanwa. Regulata inakaa chini na karibu na mtungi, haigongi kisogo. Na mahali penye dari, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Nje ya Mji wa Zanzibar imelala Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, kwenye kina cha karibu mita 40. Mzamiaji anayejipenyeza chini ya vyuma vya meli kama hiyo huku fundo la klampu likichomoza nyuma ya shingo yake anacheza na bahati: pigo moja la pembeni linaweza kuisogeza regulata kutoka kwenye oringi yake.

Hata hivyo klampu imeendelea kutawala boti za watalii, na wanaoitumia si wajinga. Tazama kazi yenyewe. Mashua imetoka Nungwi kuelekea Mnemba, ina wageni kumi, na kati ya mbizi ya kwanza na ya pili mhudumu anapaswa kubadilisha mitungi yote mawimbi yakiyumbisha sakafu. Klampu anaivua na kuivisha kwa sekunde chache. Nyuzi zinataka mkono uliotulia, kwani ukianza upande unaziharibu. Tena tundu la vali ya nyuzi ni kama kikombe kidogo: rasha la bahari likiingia linakaa humo, na lisipopulizwa kwanza linasukumwa moja kwa moja ndani ya regulata. Halafu kuna oringi. Ya klampu ikikatika, mhudumu anaichokonoa kwa kipini cha shaba, anatoa mpya ya namba 014 kwenye kikopo, anaibonyeza kwa kidole gumba, na safari inaendelea. Kwenye mtindo wa nyuzi oringi ni ya mwenye regulata. Kama mgeni hakuja na ya akiba, ajue mwenyewe.

Pwani yetu inapokea watu wa kila kambi. Mjerumani atakuja na nyuzi, Mmarekani na klampu, na kituo hakiwezi kumrudisha yeyote. Jibu lililopatikana ni rahisi hata mtu anashangaa kwa nini hatukuanza nalo: vali ya nyuzi ya bar 200 yenye kizibo cha kati. Kizibo ni kipande cha shaba chenye tundu katikati, nyuzi za nje na oringi zake. Kikiwa ndani, uso wa vali unakuwa bapa na klampu inakaa. Ukikitoa kwa ufunguo wa alenki, unabaki na tundu la nyuzi. Mtungi mmoja unawahudumia wote. Vali ya bar 300 haipokei kizibo hicho, na hilo ni sawa, kwa kuwa klampu haina kazi kwenye presha hiyo.

Kizibo nacho kina adabu zake. Kikiachwa miezi bila kutolewa, chumvi inakigandisha, na siku mgeni wa nyuzi akifika utaona fundi akining'inia kwenye alenki. Kikitolewa na mtungi ukabaki wazi, ukianguka kwenye sakafu ya saruji mdomo wa vali unapinda na kuwa kama yai, na baada ya hapo haupokei nyuzi wala kizibo. Kwa hiyo kikae ndani wakati wote, kitolewe kila baada ya muda kisafishwe, na oringi ya nyuma yake ibadilishwe pamoja na ya mbele. Wengi hubadilisha ya mbele tu kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Upande wa mzamiaji kuna adapta, ile klampu ndogo inayofungwa kwenye regulata ya nyuzi ili ikae kwenye vali ya klampu. Inafanya kazi, ila inaongeza kiungo kingine cha kuvuja na inaisogeza regulata nyuma kuelekea kichwani. Iwe ya dharura, isiwe ya kila siku.

Kwa mbizi za kitalii za mita 15 kwenye matumbawe, kuvuja kwa kiungo ni usumbufu tu: mzamiaji anapanda. Kina kikiongezeka hesabu inabadilika. Septemba 29, 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, likiwa na mama na binti yake, na lilipopatikana siku kadhaa baadaye lilikuwa kwenye mita 58. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200: una lita 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia kama lita 136 kwa dakika kwenye kina hicho, maana presha huko ni karibu mara saba. Mtungi mzima ni dakika 17, kabla hujatoa hewa ya kupandia wala ya akiba. Kwenye kazi ya namna hiyo sitaki kusikia habari ya klampu. Na kwa kuwa katika misiba yetu ya majini, kuanzia MV Bukoba mwaka 1996, wazamiaji wamewahi kuitwa kutoka nje ya nchi, vyombo vya uokoaji vya ukanda huu vingefaidika kuwa na mitungi ya aina moja ya kiungo, na adapta za kuwapokea wageni.

Mpaka hapa nimezungumza kuhusu kiungo ambacho kila mtu anakiona. Kinachonitia hofu zaidi ni kile kisichoonekana: nyuzi za shingo, pale vali yenyewe inapoingia kwenye mtungi. Mitungi mingi ya aluminiamu ya asili ya Kimarekani ina shingo ya robo tatu ya inchi. Ya Ulaya ina M25, yaani milimita 25, na hatua ya nyuzi ya milimita 2. Robo tatu ni jina tu la kipimo; vipenyo halisi vinatofautiana kwa zaidi kidogo ya milimita moja. Vali ya M25 inaingia kwenye shingo ya robo tatu, inazunguka vizuri kabisa, inakaza, na hata inashika presha kwa muda. Lakini nyuzi zimegusana kwa ncha tu. Mtungi unapopelekwa kwenye kompresa na presha ikapanda, vali inaruka kama risasi. Ajali za namna hii zimeua na kulemaza watu katika nchi mbalimbali, na anayesimama karibu wakati huo mara nyingi ni kijana wa kujaza mitungi, labda aliyetoka bara kama Hanang kutafuta kazi Unguja, bila mtu kumwambia kwamba kuna shingo za aina mbili.

Klampu na nyuzi za DIN zikikosewa, unaona au unasikia kabla hujaingia majini. Shingo ikikosewa, hakuna dalili. Kwa sababu hiyo uamuzi wangu kwa mwenye kituo unaanza huko: mitungi yote ya ghala iwe ya shingo ya aina moja, na vali isihamishwe kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine na mtu asiye fundi wa kazi hiyo. Kisha anunue vali za bar 200 zenye kizibo, awe na regulata za klampu za kukodisha, na kisanduku cha oringi za aina zote mbili kwenye kila mashua. Kijana anayetaka kuwa mwongozaji na ana fedha za regulata moja tu, anunue ya nyuzi za bar 300 na adapta yake. Ni ghali kidogo, lakini itamfaa Mafia, Pemba na popote atakapoajiriwa, mradi iwe ya nyuzi za kawaida za hewa. Ulaya wana pia kiungo cha M26 kwa hewa iliyoongezwa oksijeni, na hicho hakiingii kwenye vali ya kawaida hata ukisukuma.

Na wewe unayejaza, aina ya nyuzi za shingo imegongwa mhuri begani mwa mtungi na kwenye mwili wa vali. Soma mihuri yote miwili kabla hujawasha kompresa. Isipolingana, au mmoja ukiwa hausomeki, mtungi huo usijazwe.